Louis Leakey: Aliyesaka chimbuko la ubongo wa mwanadamu Kajiado

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwa barabara ya Magadi hupita Ongata Rongai, Kiserian na Corner Baridi, kisha huanza kuteremka polepole na kuingia katika joto la Bonde la Ufa. Baada ya Oltepesi, takriban kilomita 70 kutoka jijini, hufika Olorgesailie. Hapo, chini ya kijia cha mbao kilichoinuliwa juu ya ardhi ili wageni wasiyakanyage, yamelala mamia ya mashoka ya mawe. Yalichongwa na viumbe walioishi kando ya ziwa ambalo lilikwisha kukauka, zamani sana kabla ya ng'ombe wa kwanza kulishwa katika nyanda za Kajiado.

Mashoka hayo yalimfurahisha Dkt Louis Leakey, na pia yalimtesa. Kila moja lilikuwa ushahidi kwamba mchongaji alikuwa na akili ya kuona umbo ndani ya jiwe kabla ya kulipiga. Lakini kichwa kilichobeba akili hiyo hakikupatikana. Leakey alifariki mwaka 1972, miaka 30 baada ya kuyaona mashoka hayo kwa mara ya kwanza, pasipo kushika hata kipande kimoja cha fuvu la zamadamu kutoka Olorgesailie.

Wakenya wengi wanamjua kama Mzungu aliyechimbua mifupa. Ni kweli, ila mifupa yenyewe haikuwa shabaha yake. Alichokuwa akikisaka ni kile kilichowahi kukaa ndani ya mifupa hiyo, yaani ubongo, na jibu la swali ambalo limewagawanya wataalamu kwa zaidi ya karne: je, ni kiasi gani cha ubongo kinachomfanya kiumbe aitwe mtu?

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1903, katika misheni ya Kabete, wazazi wake wakiwa wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Alikulia miongoni mwa watoto wa Agikuyu, akakizungumza Kikuyu kama lugha yake ya kwanza, na akiwa kijana aliingizwa katika rika la Mukanda pamoja na wenzake. Miongoni mwa marafiki wa utotoni alikuwa Heslon Mukiri, ambaye baadaye alikuja kuwa msimamizi wa wachimbaji wake na mmoja wa watu wenye jicho kali zaidi la kutambua visukuku katika Afrika Mashariki. Majina ya watu kama Mukiri hutajwa kwa nadra katika vitabu, ilhali sehemu kubwa ya sifa za Leakey ilitoka mikononi mwao.

Kijana huyo alianza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo, yaitwayo obsidiani, karibu na nyumbani. Watu wa kwao walimcheka. Mlezi wa makumbusho madogo ya Nairobi, Arthur Loveridge, hakumcheka. Alimhakikishia kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikuwa zana za watu wa kale. Tangu hapo Louis hakuwa na shaka kuhusu kazi ambayo angeifanya maishani.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata ulimletea ajali iliyobadili mkondo wa masomo yake. Akicheza raga, alipigwa mateke kichwani. Alirudi uwanjani, akapigwa tena. Baada ya hapo maumivu makali ya kichwa yakamwandama, akashindwa kusoma, na daktari akamwamuru aache masomo kwa mwaka mzima.

Ubongo ni kitu laini mno, unaoelea katika maji ndani ya kasha gumu. Kichwa kinapogongwa ghafla, ubongo huyumba na kujigonga kwenye ukuta wa fuvu. Seli za neva, ambazo ni takriban bilioni 86 katika ubongo wa mtu mzima, hupashana habari kwa mapigo madogo ya umeme na kwa kemikali zinazovuka pengo kati ya seli moja na nyingine. Pale penye jeraha utaratibu huo huweza kuvurugika, na baadaye kundi la seli likaanza kufyatua umeme kwa pamoja bila mpangilio. Hicho ndicho kifafa. Leakey aliishi na maumivu ya kichwa na vipindi vya kifafa kwa miaka mingi, jambo ambalo wengi waliomsikiliza akihutubia kumbi zilizojaa pomoni hawakulifahamu.

Mwaka huo wa mapumziko aliutumia kusini mwa Tanganyika. Makumbusho ya Uingereza yalikuwa yakituma msafara kuchimba mifupa ya dinosau huko Tendaguru, karibu na Lindi, chini ya William Cutler, na Leakey akachukuliwa kwa sababu alilijua bara hili na lugha zake. Alijifunza huko namna ya kuufunika mfupa dhaifu kwa plasta na kuusafirisha bila kuuvunja. Cutler alibaki baada ya Leakey kuondoka, na mwaka 1925 akafa huko huko. Leakey alirejea Cambridge na mwaka 1926 akafuzu kwa alama za juu kabisa.

Ili kuelewa ubishi alioingia baada ya hapo, lazima mtu aijue hali ya elimu ya ubongo wakati huo. Wanyama wa kale zaidi wenye neva, kama vile yavuyavu wa baharini, hawana ubongo. Neva zao zimetanda mwilini kama wavu. Kwa wanyama wanaosonga mbele kichwa kikitangulia, neva zilirundikana kichwani, palipo na macho, pua na mdomo. Samaki wana ubongo uliotokana na ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo, na ubongo wetu umejengwa juu ya ramani hiyohiyo. Katika kiinitete cha binadamu, mfumo wote wa neva huanza kama mfereji mdogo mgongoni, ambao hujikunja ukawa mrija, na ncha yake ya mbele ikavimba kuwa ubongo. Kwa jamii ya tumbili, nyani na sokwe, sehemu za kunusa zilipungua na zile za kuona zikapanuka, kwa kuwa maisha ya mtini yalihitaji macho yanayopima umbali na mikono inayotii macho.

Tatizo ni kwamba ubongo huoza. Hauachi kisukuku. Kinachobaki ni fuvu, na ukuta wa ndani wa fuvu hubeba alama hafifu za mikunjo na mishipa ya damu iliyowahi kuugusa. Mtaalamu akijaza uwazi huo kwa plasta, au udongo ukijijaza wenyewe na kugeuka jiwe, hupatikana umbo linalofanana na ubongo uliotoweka. Mwaka 1924 umbo la namna hiyo liliangukia mikononi mwa Raymond Dart, msomi wa anatomia ya ubongo huko Afrika Kusini, likiwa limetoka Taung. Lilikuwa la mtoto wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili lakini mwenye ubongo mdogo. Mabingwa wa Ulaya walimpuuza Dart kwa miaka mingi. Wao waliamini kwamba ubongo mkubwa ulitangulia na mengine yakafuata, na walikuwa na fuvu la Piltdown, Uingereza, kuwathibitishia. Ilikuwa mwaka 1953 tu ndipo ilipogunduliwa kwamba Piltdown ilikuwa ulaghai mtupu: fuvu la binadamu lililounganishwa na taya la nyani mkubwa.

Mlezi wa Leakey kitaaluma, Arthur Keith, alikuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa imani hiyo. Mwanafunzi naye akaibeba. Leakey alishikilia kwamba mtu wa kweli, mwenye ubongo mkubwa, alikuwa wa kale kupita walivyodhani wenzake, na kwamba chimbuko lake lilikuwa Afrika, si Asia kama wengi walivyofundisha. Katika la pili alikuwa sahihi kabisa. La kwanza lilimponza.

Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, Juma Gitau, mmoja wa wachimbaji wake, alipata kipande cha taya. Leakey akatangaza kwamba ni la babu wa moja kwa moja wa binadamu wa leo. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alisafiri kutoka London kuja kuhakikisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa taya lilipotoka. Vigingi vya chuma alivyochomeka vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoichapisha ikabainika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika lawama kali katika jarida la Nature, na jina la kijana huyo likachafuka. Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulionyesha kwamba kidevu kilichomvutia Leakey kilikuwa kimevimba kwa ugonjwa. Uzembe wa kutunza kumbukumbu ulikuwa wake mwenyewe, na hapana haja ya kumtetea.

Wakati huohuo ndoa yake ya kwanza na Frida Avern ilivunjika, na mwishoni mwa 1936 akamwoa Mary Nicol, mchoraji wa zana za mawe. Kwa sababu hizo mbili milango ya Cambridge ikafungwa. Alirudi Kenya akiwa hana cheo, na pengine hiyo ndiyo bahati ya Kajiado.

Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto na Leakey akifanya kazi ya ujasusi kwa serikali ya kikoloni Nairobi, yeye na Mary walitumia siku chache za mapumziko kushuka hadi Olorgesailie. Mtaalamu wa miamba J.W. Gregory alikuwa ameokota mashoka ya mawe katika eneo hilo mwaka 1919, lakini mahali penyewe palikuwa pamesahaulika. Wawili hao walitawanyika, kila mmoja akitazama chini. Muda si muda wakaanza kuitana karibu kwa wakati mmoja. Mary alikuwa amesimama mbele ya mashoka mengi kiasi kwamba yalionekana kana kwamba yaliwekwa jana.

Mary alipiga kambi huko na mtoto mdogo huku mumewe akija kila alipopata nafasi. Kazi ya jembe na sururu ilifanywa kwa sehemu kubwa na mateka wa vita wa Kiitalia. Januari 1947 Leakey alikusanya Nairobi wataalamu kutoka pande nyingi za dunia kwa kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, akawateremsha hadi Olorgesailie kujionea. Mwaka huohuo mahali hapo pakatengwa rasmi na kuwa makumbusho ya wazi. Uamuzi wa kuyaacha mashoka yalale palepale yalipopatikana, badala ya kuyafungia kabatini Nairobi au London, ulikuwa wa busara. Mwanafunzi anayetoka Kitengela au mji wa Kajiado, upande wa pili wa kaunti, huyaona leo kama Leakey na mkewe walivyoyaona.

Leakey hakuridhika kuyatazama. Alijifunza kuyachonga mwenyewe, akawa bingwa wa kuchuna mnyama mbele ya wageni kwa jiwe alilolipasua dakika chache kabla. Kwake hilo halikuwa mchezo. Alikuwa akiuliza mkono na jicho vinafanya nini, na kwa hiyo ubongo unahitaji kuwa na nini, ili jiwe litoke na pande mbili zinazolingana. Katika karne hii wanasayansi wamewapima kwa mashine watu wanaochonga mashoka ya aina hiyo, na kuona kwamba sehemu za mbele za ubongo zinazofanya kazi zinakaribiana na zile zinazotumika katika lugha.

Kuhusu mchongaji wa Olorgesailie, ilibidi kungoja hadi mwaka 2003. Timu ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na taasisi ya Smithsonian ya Marekani, chini ya Rick Potts, ilipata vipande vya fuvu lenye umri wa miaka takriban 900,000, pakiwemo mfupa wa paji la uso. Habari zilichapishwa mwaka 2004. Fuvu lilikuwa la mtu mzima, lakini dogo ajabu: ubongo wake ulikadiriwa kuwa chini ya mililita 800, wakati wastani wa binadamu wa leo ni mililita 1,350 hivi. Miaka hiyohiyo kulikuwa na viumbe wa jamii yake kwingineko wenye ubongo wa mililita 1,000. Mashoka mazuri ya Kajiado, ambayo Leakey aliyahusisha na kichwa kikubwa, huenda basi yalichongwa na watu ambao baadhi yao walikuwa na vichwa vidogo mno.

Palepale Olorgesailie, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kufikia miaka 320,000 iliyopita mashoka makubwa yalikuwa yametoweka. Badala yake kulikuwa na zana ndogo za obsidiani iliyotoka mbali, nyingine kilomita zaidi ya 50, pamoja na mawe ya rangi nyekundu na nyeusi yaliyosagwa. Kitu kinachosafiri umbali huo hupita mikono mingi, na kuwakumbuka watu wasio jirani ni kazi nzito kwa ubongo.

Turudi kwa Leakey. Mwaka 1948 Mary alipata kisiwani Rusinga uso na sehemu kubwa ya fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe wa kale aliyeishi miaka milioni 18 iliyopita. Ubongo wake baadaye ulikadiriwa kuwa mililita 167 hivi, karibu sawa na wa nyani wa kawaida wa siku hizi. Leakey alikuwa sasa na mwanzo wa hadithi, na mwisho wake ulikuwa katika kila kichwa cha mtu barabarani. Katikati ndipo palipokuwa na giza.

Katikati ya juhudi hizo ilizuka vita vya Mau Mau, na hapa sura ya Leakey machoni pa Wakenya wengi iliingia doa. Mtoto wa rika la Mukanda alisimama upande wa serikali ya kikoloni, akaandika vitabu dhidi ya vuguvugu hilo, na kuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria, hadi mawakili wa utetezi walipomlalamikia akajiondoa. Kuijua lugha ya watu hakukumfanya aelewe kilio chao cha ardhi kwa kiasi kilichotarajiwa.

Giza la katikati lilianza kuondoka tarehe 17 Julai, 1959, huko Olduvai, Tanganyika. Leakey alikuwa kambini na homa. Mary, akitembea na mbwa wake, aliona meno yakichungulia kwenye mteremko. Fuvu hilo, Zinjanthropus, lilikuwa na taya na meno makubwa kupita kiasi, na ubongo wa mililita 530 tu, kidogo zaidi ya wastani wa gorila. Leakey alikimbilia kulitangaza kuwa la mchongaji wa zana za Olduvai. Mwaka 1961 kipimo cha majivu ya volkano kwa njia ya potasiamu na arigoni kilitoa umri wa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya alivyokisia yeye mwenyewe.

Lakini hata alipokuwa akimsifu Zinjanthropus, mwanawe Jonathan alikuwa ameanza mwaka 1960 kupata mifupa ya kiumbe mwingine, mwembamba zaidi: taya, vipande viwili vya juu ya fuvu, na mifupa ya mkono. Leakey aliwapa kazi watu wawili. John Napier alichunguza mkono, na Phillip Tobias wa Johannesburg akapima ubongo. Napier aliona vidole vinavyoweza kubana kitu kwa nguvu na kwa ustadi. Tobias alipata takriban mililita 680.

Nambari hiyo ilileta zogo. Keith alikuwa ameweka mpaka wa mililita 750: aliye chini ya hapo hakustahili kuitwa mtu. Mwanafunzi wake wa zamani sasa alitaka mpaka huo uvunjwe. Aprili 1964, katika jarida la Nature, Leakey, Tobias na Napier walitangaza spishi mpya, Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi, jina lililopendekezwa na Dart yuleyule aliyepuuzwa. Waliishusha sharti ya ubongo hadi mililita 600, na kuipa uzito zaidi kazi ya mikono.

Upinzani ulikuwa mkali. Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford, bingwa wa anatomia ya ubongo aliyekuwa rafiki wa Leakey na aliyeichunguza Proconsul pamoja naye, alikataa katakata. Hoja yake haikuwa dhaifu: mpaka unaosogezwa kila kinapopatikana kisukuku si mpaka. Na kweli ukubwa pekee haumalizi jambo, kwani ndovu ana ubongo mzito kuliko wa mtu yeyote. Kilicho muhimu ni uwiano wake na mwili, mpangilio wa sehemu zake na muda unaochukua kukua. Mtoto wa binadamu huzaliwa na ubongo usiofika thuluthi moja ya ule atakaokuwa nao ukubwani, na sehemu iliyobaki hukua akiwa mikononi mwa wanaomfundisha. Ni ubongo wa gharama pia. Una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula asilimia 20 hivi ya nguvu zake.

Hatimaye Homo habilis alikubaliwa na wengi. Tobias aliendelea kulichunguza umbo la ndani la mafuvu yake na kudai aliona uvimbe katika sehemu zinazohusika na usemi, dai ambalo bado lina ubishi. Aidha, mwaka 2015 wataalamu waliunda upya kwa kompyuta fuvu lile la Olduvai na kupata kati ya mililita 729 na 824. Huenda mpaka wa Keith haukuwa na haja ya kuvunjwa kwa ajili ya fuvu hilo.

Leakey alijua pia kwamba mfupa haulii wala haupendi. Kama alitaka kujua ubongo mdogo unaweza nini, ilimbidi awatazame wenye ubongo mdogo walio hai. Mwaka 1958 alianzisha kituo cha utafiti wa nyani na tumbili huko Tigoni, Limuru. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa taasisi ya kitaifa ya utafiti wa wanyama hao, ambayo makao yake yako katika msitu wa Oloolua, mpakani mwa Karen na Kajiado.

Mwaka 1960 alimtuma Jane Goodall, karani wake asiye na digrii, akaishi na sokwe huko Gombe kando ya Ziwa Tanganyika. Kabla ya mwaka kwisha Goodall alimwona sokwe akichuma kijiti, akikipukutisha majani na kukitumia kuvua mchwa kichuguuni. Mnyama mwenye ubongo wa mililita 400 alikuwa ametengeneza zana. Leakey alifurahi, ingawa aliona mara moja kwamba jambo hilo lilibomoa ufafanuzi wake mwenyewe wa mtu kuwa ni mtengeneza zana. Baadaye alimtuma Dian Fossey kwa gorila na Biruté Galdikas kwa orangutangu wa Borneo.

Miaka ya mwisho haikuwa ya amani. Mary, ambaye kwa kimya chake alikuwa mwangalifu kuliko yeye, alibaki Olduvai na wawili hao wakatengana pasipo talaka. Leakey alizunguka Marekani akitafuta fedha na kutetea madai dhaifu kuhusu watu wa kale wa California. Moyo ulimshinda mwaka 1970. Mapema 1971 alishambuliwa na kundi la nyuki pwani ya Kenya, akadungwa mamia ya miiba, na akabaki amepooza kwa kiasi. Mtu aliyekuwa na fahari ya mikono yake sasa alikuwa na mkono usiotii vizuri.

Uhusiano wake na mwanawe Richard, aliyekuwa akiongoza Makumbusho Nairobi, ulikuwa wa vuta nikuvute. Lakini mwishoni mwa Septemba 1972 Richard alimletea fuvu lililotoka mashariki ya Ziwa Turkana, ambalo Bernard Ngeneo alikuwa amekiona kipande chake cha kwanza. Lilikuwa limeunganishwa kutoka vipande vingi, likapewa nambari 1470. Makadirio ya kwanza yaliupa ubongo wake mililita 800 hivi, na umri wake ukadhaniwa kuwa zaidi ya miaka milioni 2.6. Kwa mzee huyo, hicho ndicho kichwa alichokitetea tangu Kanam: kikubwa, na cha kale.

Vipimo vya baadaye viliupunguza ubongo hadi takriban mililita 750 na umri hadi karibu miaka milioni 2. Mwaka 1978 Mary na timu yake walikuta huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita, muda mrefu kabla ya ubongo kuanza kupanuka. Miguu ndiyo iliyotangulia. Louis Leakey hakuyajua hayo. Alilishika fuvu la 1470 mikononi, akalipindua na kulitazama kwa muda mrefu, kisha akapanda ndege kwenda London. Tarehe 1 Oktoba, 1972, moyo ulimwangusha huko akiwa na umri wa miaka 69. Mwili wake ulirejeshwa Kenya ukazikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake.